Mwimbaji wa Mwaka wa Kumi na Nne

Burkhard Zierold aliimba katika jumba letu la opera pale Solbrunn kwa misimu kumi na minne, na katika misimu hiyo yote hakuwahi kuoa jukwaani. Sauti yake ilimnyima nafasi hizo. Ilikuwa ya chini mno kwa mchumba, na ya juu mno kwa yule mzee wa mapangoni ambaye nota zake hutikisa viti. Ilikaa katikati, mahali ambapo besi na baritoni hupeana mikono, na mahali hapo watungaji wa opera wamewaweka akina baba, makuhani, mahakimu, askari jela na mashetani. Zierold aliwaoza mabinti wengi, na wana aliowalaani walikuwa wengi zaidi. Alipofika kwetu akiwa na miaka thelathini na moja, na sanduku moja, na koti la baba yake lililombana mabegani, alibandikwa ndevu nyeupe jioni ya kwanza, na tangu hapo hatukumwona jukwaani akiwa na umri wake mwenyewe.

Nje ya jukwaa alikuwa mtu kama watu wengine. Alikaa na mkewe juu ya duka la fundi viatu, na kila Jumamosi alipanga foleni kwa Bibi Ottilie muuza nyama, ambaye hakukosa onyesho hata moja, akiketi daima kule juu kabisa kwenye viti vya watu wa kawaida.

"Bwana Zierold, jana ulimuua nani?"

"Jana niliuawa mimi, mama. Leo nipe soseji mbili, nimepoteza damu nyingi."

Sauti ya namna ile huchelewa kuiva. Ni kama tufaha la kipupwe, linalochumwa gumu na kulazwa darini juu ya majani makavu hadi Krismasi. Mwenye nayo husubiri. Akiwa kijana huimba watumishi na wajumbe, huku wenye sauti za juu, wenzake wa rika moja, wakipigiwa makofi na kutupiwa maua. Faraja yake ni kwamba watakapoanza kupasuka wao, yeye ndipo atakapoiva. Zierold alisubiri kwa heshima. Alijifunza nafasi za wenzake wote, akawabeba walipougua, akaimba katika kumbi za michezo za shule na katika nyumba ya wazee, akaimba akiwa na homa. Kila palipotokea shimo, yeye alikuwa udongo. Alipofika miaka arobaini na mitano, sauti yake ilikuwa imeiva, na mtu yeyote mwenye masikio pale Solbrunn alijua hivyo.

Sasa niseme juu ya kanuni. Waliotunga kanuni hiyo walikuwa watu wema, nami sitaki kuwatukana makaburini. Inasema kwamba mwimbaji aliyeingia msimu wa kumi na tano katika jumba moja haondolewi tena. Mkurugenzi atakayekuja atamkuta, na atakapokwenda zake atamwacha. Ukuta huo ulijengwa kuwakinga wazee. Wakurugenzi wakauzunguka, wakauchunguza, wakajifunza kuwafukuza watu katika mwaka wa kumi na nne. Mtu hakuwa ameimba vibaya wala hakuwa mlevi. Kosa lake lilikuwa kwamba mwakani asingefukuzika. Taarifa ya kumwacha mtu sharti itolewe kabla Oktoba haijaisha, naye huondoka msimu uishapo Julai; na kwa kuwa Novemba, sikukuu ya Mtakatifu Martini, sisi hula bata bukini, kantini yetu ilikuwa na mzaha wa kumwita mtu wa mwaka wa kumi na nne bata aliyenona.

"Burkhard, umenona wewe," Traudel alimwambia mwanzoni mwa msimu ule. Traudel alikuwa mnong'onezaji wetu, mama aliyekaa ndani ya kisanduku chini ya ukingo wa jukwaa na kuwatupia waimbaji maneno waliyoyasahau. "Mwaka wa kumi na nne huo. Ukiona jiko, pita mbali."

"Nyama yangu ngumu, mama. Watanichemsha mpaka Pasaka."

"Hivyo ndivyo alivyosema yule wa mwaka juzi. Tukamla na kabichi."

Tulicheka wote. Na Zierold alikuwa na sababu ya kucheka. Mkurugenzi wetu mpya, Dokta Egbert Lohmar, mtu wa mji mkubwa, mpole, mwenye sweta nyeusi ya shingo ndefu kiangazi na kipupwe, alikuwa ametangaza kwamba ataiweka jukwaani opera ya Mfalme wa Chumvi. Hiyo ilitungwa na mpiga kinanda wa kanisa letu katika karne iliyopita. Huimbwa Solbrunn mara moja katika kila kizazi, na mahali pengine haiimbwi kabisa. Mfalme huyo alichimba visima vya chumvi na kujenga mji, wanawe wakamtoa enzini, na katika tendo la mwisho anasimama usiku mbele ya lango alilolijenga mwenyewe, anabisha, na halifunguliwi. Nafasi ile ilitungwa kwa sauti iliyo kati ya besi na baritoni, tena iliyoiva. Lohmar alimwambia Zierold mbele yetu sote, "Mfalme ni wako," na Zierold akauchukua muziki ule nyumbani, akaufanyia kazi kiangazi kizima, hata fundi viatu wa chini akawa anaupiga mluzi akigonga soli.

Wiki ya mwisho ya Oktoba aliitwa ofisini kwa Lohmar.

Kanuni inataka mwimbaji asikilizwe kwanza kabla ya kuambiwa kwamba mkataba wake hautaendelea, na inamruhusu aje na mwakilishi. Mimi, mwimba besi wa kwaya, ndiye niliyekuwa mwakilishi wa waimbaji, kwa hiyo niliyasikia haya kwa masikio yangu.

"Karibuni, karibuni. Kahawa?"

"Sinywi, Dokta."

"Ndugu Zierold, kwanza niseme kwamba nakuheshimu sana."

"Basi mambo ni mabaya."

Lohmar alitabasamu. "Ni suala la kisanaa. Watu wamekuzoea mno. Ukitoka tu wanasema, aa, Zierold huyo. Mimi nataka mtu aketi asijue nani anakuja."

"Nimeimba vibaya wapi? Nitajie jioni moja."

"Hakuna aliyesema vibaya. Umeimba kila kitu, ndugu yangu, na tatizo ndilo hilo. Aliyeimba kila kitu hana kitu chake."

Hapo nilishindwa kunyamaza. "Dokta, hivyo vitu vyote aliviimba kwa sababu jumba lilimpigia simu asubuhi na kumwambia fulani anaumwa."

"Na jumba linamshukuru."

"Dokta," akasema Zierold, taratibu, "kama huu ungekuwa mwaka wangu wa kumi na tatu, tungekuwa tumeketi hapa?"

Lohmar aligeuza uso akatazama dirishani, ambako njiwa wawili walikuwa wakitembea juu ya bati.

"Swali hilo si la kisanaa," akasema.

Nililelewa na watawa, walionifundisha kwamba hasira ni mgeni asiyepewa kiti. Siku ile nilimpa kiti, na sijamwinua hadi leo. Anifukuzaye kwa sababu nimekosa, amenitazama. Anifukuzaye kwa sababu ya kalenda hakunitazama hata kidogo. Na bado alikuwa na ujasiri wa kuiita kazi hiyo sanaa, akitumia neno lilelile ambalo Zierold alilitumia kwa woga, kama mtu anavyotaja jina la marehemu mama yake.

Taarifa ilitolewa kabla mwezi haujaisha, na siku chache baadaye nafasi za Mfalme wa Chumvi zilibandikwa ubaoni karibu na mlango wa kantini. Mfalme alikuwa Falko Wendrich, kijana aliyekuja kwetu msimu huohuo. Zierold alipewa mlinzi wa lango, ambaye katika opera nzima ana maneno machache: "Nani huko? Nenda zako."

Wengine walitaka kumchukia Falko, lakini hakuwa kijana wa kuchukiwa. Alikuwa na sauti nzuri ambayo bado ilikuwa mbichi, na hakuyajua mambo yetu. Jioni yake ya kwanza, tukiwa kantini kabla pazia halijafunguliwa, Traudel alimtemea mate ya kuigiza juu ya bega la kushoto na kumwambia "toi, toi, toi", kama tunavyotakiana heri sisi watu wa jukwaani, na kijana, kwa adabu ya kwao, akajibu, "Asante." Kantini nzima iliganda. Heri hiyo haishukuriwi. Ukiishukuru umeirudisha na umemgeuzia mabaya aliyekutakia. Traudel alimkamata sikio akamtoa nje, akamzungusha mara tatu uani katika mvua, akamfanya abishe hodi upya, ili kuiondoa nuksi.

"Mwanangu, unataka kuniua? Mimi nakaa chini ya ubao! Taa ikianguka inaniangukia mimi!"

"Sikujua, mama."

"Sasa umejua. Mtu akikutemea, fumba mdomo."

Zierold ndiye aliyemletea taulo. Na ndiye aliyemfundisha, katika majuma ya mazoezi yaliyofuata, wapi Mfalme avute pumzi. Nilimwuliza kwa nini.

"Kijana hajanifukuza," akasema. "Tena wimbo haujanikosea chochote. Kwa nini uimbwe vibaya?"

Lohmar alikuwa na wazo lake. Alijaza jukwaa maji, maji ya kweli, yenye chumvi, ya kufika vifundoni, na akataka Mfalme aimbe tendo zima la mwisho akiwa peku ndani yake. Ilikuwa Januari. Jumba halikupashwa moto wakati wa mazoezi.

"Dokta," alisema Traudel kutoka katika kisanduku chake, "mwimbaji si samaki."

"Mama, hayo maji ni machozi ya mji."

"Machozi huwa ya moto."

Asubuhi ya onyesho la kwanza Falko aliamka hana sauti. Hakikutoka kitu ila hewa, kama mvukuto uliotoboka. Watazamaji walikuwa wamekwisha kununua viti vyote; waandishi wa magazeti walikuwa njiani kutoka miji mikubwa. Mwimbaji akiugua, kwa kawaida sisi hupiga simu kwenye majumba mengine, na kabla ya jioni anashuka mtu kwenye treni anayeijua nafasi. Lakini Mfalme wa Chumvi hajulikani popote ila Solbrunn. Ilipofika saa sita mchana Dokta Lohmar aliingia kantini, mahali asipokuwa na desturi ya kuja, akaja moja kwa moja hadi mezani petu. Zierold alikuwa akila supu ya dengu.

"Ndugu Zierold. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Falko atavaa na kutembea, atafungua mdomo tu. Wewe utasimama kando ya jukwaa na nota zako, suti nyeusi, uimbe. Huyu mwenzako," akanionyesha mimi, "atachukua yale maneno ya mlinzi."

Traudel aliweka kijiko chini. "Usiseme ndiyo bado! Mwambie afute ile taarifa kwanza. Aifute hapahapa!"

"Tarehe imepita, mama. Kanuni hainiruhusu."

"Kanuni inakuruhusu, Dokta," nikasema. "Taarifa unaweza kuifuta hata leo. Msimu wa kumi na tano ni neno lako moja tu."

Zierold alikuwa ameacha kula. Alimtazama Lohmar usoni, na kwa mara ya kwanza tangu Oktoba niliona kwamba alikuwa anatumaini, jambo lililonichoma kuliko kama angelia.

"Unaweza, Dokta?"

"Tutazungumza baada ya onyesho. Nakuahidi tutazungumza."

Wakati huo Falko alikuwa amesimama nyuma yake, kitambaa cha sufu shingoni, macho mekundu. Alifungua mdomo, akanong'ona, "Kaka, samahani—"

"Nyamaza wewe!" Zierold alimkemea. "Kila neno ni siku moja zaidi ya ugonjwa. Nenda ukalale." Kisha akamgeukia Lohmar. "Nitaimba."

"Mjinga," alisema Traudel, lakini alilisema kwa sauti ya mtu anayemfunga mwanawe skafu.

Kwetu mkurugenzi akitokeza mbele ya pazia kabla ya onyesho, watu huguna, maana wanajua kuna mgonjwa. Jioni ile waliguna kwa nguvu. Nilikuwa nyuma ya pazia, tayari na kofia ya chuma ya mlinzi kichwani, na nilimwona Zierold kando, kwenye kinara cha nota, katika suti aliyonunua kwa ajili ya mazishi ya baba mkwe wake. Lohmar alieleza habari ya koo la Falko. Halafu akanyoosha mkono kuelekea kando, sauti yake ikawa asali.

"Lakini Solbrunn haikosi bahati. Tunaye Bwana Burkhard Zierold, nguzo ya jumba hili, mtu wetu, ambaye amekubali kutuokoa. Ni furaha iliyoje kuwa naye nyumbani!"

Watu wakaanza kupiga makofi. Zierold hakuinama. Alingoja makofi yapungue, kisha, bila kupaza sauti, kwa ile sauti iliyoiva ambayo haikuhitaji kupazwa, akasema:

"Hadi Julai, Dokta."

Lohmar alicheka kidogo, kama mtu aliyekanyagwa kwenye karamu. Kutoka juu kabisa, kwenye viti vya watu wa kawaida, ikatoka sauti ninayoijua mimi na kila mtu anayenunua nyama.

"Kwani Julai kuna nini?"

"Muulize Dokta, Bibi Ottilie."

"Dokta! Julai kuna nini?"

"Mabibi na mabwana, hapa si mahali pake—"

"Sasa mahali pake ni wapi? Buchani kwangu?"

Wengine wakaanza kupiga miguu sakafuni, na mtu akapaza sauti, "Wanamfukuza! Mwaka wa kumi na nne!" Kumbe kanuni yetu ilikuwa inajulikana mjini kuliko tulivyodhani. Lohmar alirudi nyuma hatua kwa hatua hadi pazia likammeza. Kelele ziliendelea hadi Zierold alipoinua kiganja kimoja, kama alivyozoea kufanya akiwa kuhani, na zikakoma. Akamtazama mwongoza okestra, akaashiria kwamba yuko tayari.

Nimeimba katika kwaya maisha yangu yote na nimesikia sauti kubwa zaidi. Sijasikia sauti iliyokuwa na haki kama ile. Falko alitembea majini kwa taji na joho, akifungua mdomo, na kwa muda watu waliweza kuamini kwamba yeye ndiye. Lakini kufikia tendo la mwisho vichwa vyote vilikuwa vimegeukia upande, kwa mtu mnene mwenye suti ya mazishi aliyeshika kinara cha nota kwa mkono mmoja. Mfalme alibisha. Aliomba aingie hata kwa mlango wa jikoni. Hakulia, aliimba kwa ghadhabu, kila nota imesimama wima, na alipokuwa anaomba ilikuwa kana kwamba anadai.

Nami, juu ya lango la mbao, nilitakiwa kumjibu. Maneno yalikuwa yake kwanza. Alipewa yeye ayaimbe, sasa nilimwimbia mimi. "Nani huko?" niliimba. "Nenda zako." Sijawahi kuyachukia maneno yoyote kama nilivyoyachukia hayo.

Pazia lilipofungwa, Falko alikataa kuinama peke yake. Alivuka maji, akamshika Zierold mkono, akamvuta katikati, na kumtia taji kichwani. Lilikuwa dogo kwake, likakaa upande. Lohmar alipotokeza kupokea makofi yake, alizomewa kuanzia viti vya mbele hadi kwa Bibi Ottilie.

Kesho yake magazeti yaliandika vizuri, hata kuhusu maji. Lohmar akaja tena kantini, amechangamka, akaketi pasipo kukaribishwa.

"Ndugu Zierold, niliahidi tutazungumza. Mfalme ni wako, maonyesho yote, kwa joho na taji. Na mwakani tutairudia. Utakuja kama mwimbaji mgeni, utaitwa kwa kila jioni."

"Na msimu wa kumi na tano?"

"Mgeni hahesabiwi misimu. Lakini utaimba, si ndiyo unachotaka? Utakuwa na kazi ileile, chumba kilekile cha kuvalia."

Sisi tuliokaa pale tuliijua njia hiyo. Mtu anatolewa kwa mlango wa mbele kabla hajaufikia ukuta, halafu anaingizwa kwa mlango wa nyuma kufanya kazi yake ya zamani, bila ukuta. Wapo walioipita njia hiyo hadi sauti ilipowaishia, na siku moja simu haikulia tena. Hawakufukuzwa. Hapakuwa na mtu wa kufukuzwa.

Zierold alimaliza mkate wake kwanza.

"Hapana," akasema.

"Fikiri. Hakuna mwingine anayeijua nafasi hii!"

"Falko anaijua. Nimemfundisha mwenyewe. Wewe mkaushie maji tu."

"Zierold, una miaka arobaini na mitano. Utakwenda wapi?"

"Hilo swali," akasema Zierold, "si la kisanaa."

Lohmar aliinuka. Alikuwa mtu mwenye adabu hadi mwisho, na hata hilo siwezi kumsamehe. "Basi," akasema, "sina la kufanya ila kukutakia heri." Akainama juu ya bega la kushoto la Zierold, akatema mate ya kuigiza. "Toi, toi, toi."

Zierold akainua uso. Miaka yote aliyokaa jukwaani ilikuwa katika macho yake, na alijua vema alichokuwa anafanya.

"Asante, Dokta," akasema.

Kantini nzima iliganda. Lohmar alibadilika rangi, akamtazama Traudel, kwa maana kazi ya kuwazungusha watu uani ilikuwa yake, na kosa hilo halijawahi kumpita.

Traudel alikaa palepale. Alichukua kijiko chake, akakoroga kahawa.